Katika jaribio la kiazi chenye shimo lililotiwa sukari, kilichowekwa kwenye sahani ya maji, kiazi cha kuchemsha hakivuti maji, kwa nini?

Kwa sababu joto limeharibu utando wa seli. Osmosisi (maji kupita kwenye utando kuelekea upande wenye sukari nyingi) inataka utando mzima, unaopitisha maji kirahisi na kuizuia sukari. Kiazi kibichi bado kinao, ndiyo maana shimo lake lenye sukari limejaa maji kutoka kwenye sahani. Ukikichemsha, protini za utando huvurugika, sukari nayo inavuja kwenda kwenye sahani, na tofauti iliyokuwa ikivuta maji inapotea. Seli haitumii nishati yoyote katika osmosisi.

Ukirudia jaribio, menya sehemu inayozama. Ganda linazuia maji, na hilo wengi hulisahau. Chini ya shimo bakiza unene wa kama milimita 5, usitoboe! Weka pia kiazi kibichi kisicho na sukari shimoni, cha kulinganishia.

Kama unataka namba, tumia vipande vidogo vya kiazi kibichi: chukua gramu 17 za sukari, ongeza maji hadi mililita 100 (hiyo ni 0.5 M, yaani moli 0.5 kwa lita), loweka vipande humo saa moja au mbili. Vitalegea na kupungua uzito. Vifute kwa tishu kabla ya kupima, mwanzo na mwisho, maana tone moja tu linaharibu jibu.