Maswali ya Wasomaji: Kwa nini filamu ya 1963 bado inatisha?

Ndugu Mhariri, kijana wangu wa miaka 19 amezoea filamu za kutisha za siku hizi. Damu na majitu ya kompyuta hayamshtui. Juzi tuliangalia The Haunting ya mwaka 1963, nyeusi na nyeupe, haina hata mzimu mmoja unaoonekana, na usiku ule alilala taa inawaka. Imekuwaje? (Msomaji, Morogoro)

Hiyo filamu haina kitu cha kuzeeka, ndugu msomaji. Jitu la mpira lililotengenezwa mwaka 1963 lingemchekesha kijana wako, maana jicho lake limeshaona yaliyo bora. Kishindo cha gizani nyuma ya mlango hakina mshono wa kugundua. Mwongozaji wake, Robert Wise, alianzia kazi ya sauti na uhariri kabla ya kuongoza, na filamu yake ya kwanza, mwaka 1944, aliifanya chini ya mtayarishaji Val Lewton, ambaye bajeti zake ndogo zilimfundisha kutisha watu kwa vivuli na sauti.

Rudieni tukio la vishindo mlitazame kwa makini. Eleanor na Theo, wanawake wawili walioalikwa kukaa katika jumba linalosemekana lina mizimu, wamekumbatiana kitandani. Vishindo vinaanzia mbali, vinakaribia, vinafika mlangoni, vinanyamaza. Kitasa kinazunguka taratibu. Muda wote huo tumefungiwa chumbani pamoja nao, hatujui zaidi ya wanachojua wao. Filamu nyingi za leo zingetoa kamera nje zituonyeshe kinachogonga, na kikishaonekana kina ukubwa na umbo, tena mtu anaweza kukipima. Wise pia alirekodi sauti mapema na kuwachezea waigizaji wakati wa kupiga picha, kwa hiyo walikuwa na kitu halisi cha kusikiliza walipokuwa wakikodolea macho mlango.

Lakini la ndani zaidi ni hili. Eleanor alimuuguza mama yake kwa miaka, na usiku aliokufa mama aligonga ukuta kuomba msaada, Eleanor hakwenda. Mtazamaji anaijua siri hiyo. Basi ugongaji wa ukutani unabeba mambo mawili: pengine ni nyumba, pengine ni dhamiri ya mtu inayomrudia. Filamu haikati shauri. Kijana wako alizima runinga akiwa hajapewa jibu, na akili isiyopewa jibu huendelea kulitafuta hata mtu akishapanda kitandani. Kwa maoni yetu, hapo ndipo Wise anawazidi wengi waliomfuata.

Ule mlango unaovimba na kunywea kama unapumua walitumia ujanja gani? Na kwa nini nyumba nzima inaonekana imepinda? (Msomaji, Nakuru)

Mlango ulitengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogundishwa tabaka kwa tabaka, ili ukubali kupinda bila kuvunjika. Nyuma yake alisimama fundi mwenye nguvu akiusukuma kwa kipande cha mbao, kisha akiuachia. Hakuna zaidi. Unashawishi kwa sababu ni kitu halisi: mwanga unateleza juu ya mbao inapovimba, na kivuli chake kinahama sawasawa.

Upindaji wa nyumba unatokana na lenzi. Wise alitaka lenzi pana kuliko zilizokuwepo kwa filamu za skrini pana. Kampuni ya Panavision ilikuwa na moja ya milimita 30 ambayo haijakamilika, inapotosha mistari ya picha. Walikubali kumpa baada ya yeye kutia saini kwamba anajua kasoro zake. Kasoro hizo ndizo alizozihitaji. Angalieni kuta kamera inapogeuka: nguzo zilizonyooka zinajikunja pembeni. Vyumba vilijengwa na dari juu, jambo ambalo studio nyingi ziliepuka kwa sababu dari huziba taa. Ukipiga picha kutoka chini, dari hiyo inawabana wahusika kichwani. Picha za nje ya nyumba, jumba la Ettington Park nchini Uingereza, baadhi zilipigwa kwa mkanda wa infraredi, unaonasa mwanga ambao jicho halioni, ndiyo maana mawe yake na anga vinaonekana vibaya kwa namna ambayo mtazamaji haelewi mara moja.

Mimi nimeiangalia yote na sikuogopa hata kidogo. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mombasa)

Pengine hukukosea, wapo wasioguswa nayo. Ila kwanza kagua haya.

Runinga nyingi mpya huwa na mpangilio wa kulainisha mwendo wa picha. Uzime. Filamu hii ni ya fremu 24 kwa sekunde, na ikilainishwa inafanana na tamthilia ya kila jioni. Chagua hali ya sinema, na usipandishe mwangaza ili uone kilichomo kwenye weusi. Hakuna kitu humo, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Usiivute picha ijaze skrini, maana unakata kingo ambazo lenzi ile imezipinda.

Sauti ndiyo inayoharibu zaidi. Zima hali ya usiku kwenye spika: inapandisha minong'ono na kushusha vishindo hadi vyote vinalingana. Weka sauti kwa kiwango ambacho mazungumzo ya kawaida yanasikika vizuri, kisha usiguse tena rimoti. Kwenye simu, tumia visikizi vya masikioni, kwa sababu spika ya simu haitoi mngurumo wa chini.

Maandishi ya chini nayo yachunguze. Yale ya viziwi huandika kishindo kabla hakijasikika, hivyo mshtuko unakufa. Na ukikutana na nakala ya aina hii ya filamu iliyowekewa sauti ya mtafsiri juu, kama zile za mabanda ya video, iache: mtafsiri huongea palepale filamu inaponyamaza. Ni dakika 112. Usiikate katikati.

Nikishaimaliza nitafute ipi? (Msomaji, Arusha)

The Innocents ya mwaka 1961, ya Jack Clayton. Mpiga picha Freddie Francis alipaka rangi kingo za vichujio vya lenzi ili pande za picha zififie gizani. Kaa karibu na skrini, uangalie pembeni zaidi kuliko katikati.