Binamu, kuja kuimba Belgrade si kama unavyoona kwenye simu

Shangazi shikamoo kwanza, maana najua hii meseji binamu atakusomea. Haya binamu, voisi yako ya dakika sita nimeisikiliza yote. Unasema umekutana na nyimbo za Željko Joksimović huko mtandaoni, umeona jamaa kawa wa pili Ulaya nzima kwa kuimba lugha yake tu, na wewe kinanda unapiga, sauti unayo, kwa hiyo nikutafutie mchongo huku Serbia uje utoboe. Na nyuma nasikia shangazi anasema "mwambie asikufiche". Sifichi, we kaa tu usome.

Kwanza huyo jamaa hakuokotwa. Kazaliwa Belgrade mwaka 1972, kakulia Valjevo, mji wa kawaida tu huko magharibi, na kodiani kaishika tangu mtoto, inasemekana ana miaka 12 alishachukua zawadi Paris. Albamu ya kwanza katoa 1999, mwaka uleule NATO ilipiga nchi yao mabomu siku 78, wazee huku mpaka leo ukiutaja mwaka huo mtu ananyamaza kidogo kabla hajakujibu. Halafu 2004 ndo akaenda Eurovision, lile shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, kule Istanbul na wimbo wake Lane moje, nchi bado inaitwa Serbia na Montenegro. Akapata pointi 263, Ruslana wa Ukraine aliyeshinda 280. Hiyo "lane" ni mtoto wa paa, ndo wanavyombembelezea mpenzi, kama sie tunavyosema tausi wangu. Ila mashairi hakuandika yeye, aliandika Leontina Vukomanović, yeye alitunga muziki. Hilo lishike, nitalirudia.

Kiukweli huo wimbo ndo ulionifundisha Kiserbia. Nilipokuja kwa skolashipu mwaka wa kwanza mzima ni lugha tu, na kusoma si shida, wenzetu wanaandika kama wanavyotamka kama Kiswahili vile, shida ni sarufi, jina moja linabadilika mwisho mara saba kutegemea linafanya nini kwenye sentensi, hata jina langu mimi walikuwa wanalibadilisha nikawa siitiki. Baridi, upepo wa košava unaopita kwenye koti kama halipo, sina mtu, nawasha huo wimbo kwenye basi narudiarudia. Na we sikiliza vizuri ile melodi inavyopindapinda, utadhani kuna mtu wa taarab kapita pale. Kapita kweli, kwa njia nyingine: huku Waturuki walitawala karne na karne, na taarab yetu ilichota Misri ambako nako walikuwepo. Ndo maana sikio lako limeipenda haraka, si uchawi.

Sasa turudi kwenye kutoboa. Unadhani kuwa wa pili Ulaya maana yake Ulaya yote inamjua? Kazini kwangu kuna Mfaransa, nilimtajia akaniuliza ni mchezaji wa timu gani. Joksimović ni mkubwa kweli, lakini ukubwa wake unafuata lugha: Belgrade, Sarajevo ya Bosnia, Podgorica ya Montenegro, Skopje ya Makedonia, halafu na wahamiaji wao kule Vienna na Zurich wanaolia kwenye shoo kama tunavyolia sisi tukisikia nyimbo za nyumbani. Ukivuka hapo amekwisha. Kilichomfanya adumu ni kutunga, na si kwa ajili yake tu. 2006 kawatungia Bosnia wimbo Lejla, yaani Laila wetu huyuhuyu, wakaimba bendi ya kwao Hari Mata Hari, wakawa wa tatu Eurovision ya Athens. Fikiria, Mserbia anatungia Bosnia, miaka kumi na moja tu tangu vita ya Bosnia iishe, na Sarajevo wakauimba! 2008 Serbia wakaandaa shindano hapahapa Belgrade, yeye ndo mtangazaji pamoja na Jovana Janković ambaye baadaye alimuoa, na wimbo wa wenyeji, Oro wa Jelena Tomašević, kautunga yeye, ukashika namba sita. 2012 kaimba mwenyewe Baku, wa tatu. 2015 kawatungia Montenegro wimbo wa Knez, namba 13. Hesabu mwenyewe, nchi ngapi hizo, kofia ngapi. Humo katikati muziki wa filamu na wa tamthilia. We unasema kinanda unapiga, je umeshamtungia hata jirani wimbo wa sendoff?

Wanamuziki wa kawaida huku, wale wasiojulikana, wanaishi kwa harusi na kafana, yaani migahawa ya kienyeji yenye pombe na muziki. Kazi ya hivyo wanaiita tezga. Nimewahi kumsindikiza mpiga kodiani mmoja kubebeana waya, harusini watu wanacheza kolo wameshikana mikono, na wanatunza binamu, wanatunza kama kwetu, noti zinachomekwa kwenye kodiani mpaka zinadondoka. Nilicheka peke yangu. Ila alipiga toka mchana mpaka usiku mkubwa, na anajua nyimbo mamia kwa kichwa, mteja akitaja yoyote aipige palepale. Wewe huzijui hizo, na ukizijua utaziimba kwa lafudhi ya Tanga.

Na mimi nilijaribu, sikuwaambia. Mgahawa mmoja ulinichukua niimbe Ijumaa, nikaandaa Kiswahili, nikaandaa na za kwao mbili. Mwenye mgahawa akaniuliza ngoma iko wapi. Nikamwambia sipigi ngoma, napiga gitaa. Akasema wateja wanategemea Mwafrika aje na ngoma. Wiki mbili nikaimba regge ya watu, ya tatu nikaenda hela hakuna, njoo kesho, njoo kesho, mpaka leo.

Halafu kitu kingine ambacho hamkitegemei: Waserbia wenyewe wanaondoka. Nusu ya niliosoma nao wako Ujerumani na Austria, na kila nikikutana na mtu mpya swali la kwanza ni "zašto si došao ovde", umekuja huku kufanya nini. Kodi za nyumba zilipaa 2022 Warusi walipoanza kumiminika, chumba changu na umeme vinakula karibu nusu ya mshahara, na shangazi ile hela niliyochelewesha mwezi wa pili sababu ndo hiyo, nisamehe.

Sisemi usije. Ile skolashipu ya serikali yao kwa nchi zisizofungamana na upande wowote ipo, inatoa ada, bweni, chakula na hela kidogo ya mfukoni, lakini inakuja kusoma, na chuo cha muziki lazima upige mbele yao kwanza. Kwa hiyo nitumie vyeti vyako vilivyoskaniwa, si picha ya simu yenye kidole, na nirekodie kitu ulichotunga mwenyewe, hata dakika mbili. Regge usinitumie.