Kwa nini aliyehukumiwa kunyongwa bado yuko Butimba?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nafanya biashara ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mdogo wangu aliuawa kwa panga usiku akirudi kutoka ziwani. Mtu mmoja alikamatwa, Mahakama Kuu hapa Mwanza ikamtia hatiani na jaji akamhukumu kunyongwa hadi kufa. Miaka imepita, nasikia bado yuko gerezani Butimba. Je, kuna muda maalumu wa kutekeleza hukumu? Jaji angeweza kumpa adhabu nyingine? Na wangenyongwa hata watano tu, mauaji haya ya Kanda ya Ziwa si yangekoma?

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nitaanza na lililo jepesi.

Muda maalumu haupo. Baada ya hukumu, aliyetiwa hatiani ana siku 30 za kutoa taarifa kwamba anakusudia kukata rufaa. Rufaa husikilizwa na majaji watatu wa Mahakama ya Rufani, ambao huja Mwanza kwa vikao. Ikigonga mwamba, jalada hupelekwa kwa Rais pamoja na taarifa ya jaji aliyesikiliza kesi, na Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kusamehe au kuibadilisha adhabu iwe nafuu. Bila Rais kutia saini hakuna anayenyongwa, na hakuna sheria inayomtaka asaini leo au kesho. Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994. Septemba 2017, Rais Magufuli akimwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma alisema hadharani kwamba hatasaini. Kwa hiyo mtu unayemuulizia, kama rufaa yake ilishindwa, kuna uwezekano mkubwa atamalizia maisha yake gerezani, ingawa hakuna jaji aliyempa kifungo cha maisha.

Jaji wako hakuwa na la kuchagua. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema aliyepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo, basi. Wanaoepuka ni mwanamke mjamzito na aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka 18. Ukikaa mahakamani utamsikia wakili akisimama kuomba mteja wake apunguziwe adhabu: ni kosa lake la kwanza, ana watoto, ni kijana. Jaji anaandika yote, kisha anasema mikono yake imefungwa na sheria. Aliyepanga kifo cha mtu miezi sita na aliyeshika panga katika ugomvi wa usiku mmoja, wote wakionekana walikusudia, hupata adhabu ile ile.

Ndiyo maana kazi yote hufanyika kabla ya neno "hatia" kutamkwa. Mahakama hupima nia ovu kwa mambo yaliyoorodheshwa katika shauri la Enock Kipela: silaha ilikuwa ya aina gani na ukubwa gani, nguvu kiasi gani ilitumika, pigo lilitua sehemu gani ya mwili, mapigo mangapi, majeraha ya namna gani, mshtakiwa alitamka nini, alifanya nini kabla na baada. Nia ovu isipothibitika, kosa hushuka kuwa kuua bila kukusudia, na hapo jaji ana uhuru wa kutoa kifungo chochote hadi cha maisha.

Kisha linakuja la nani aliyefanya. Mdogo wako aliuawa usiku, na hapo mimi hukosa usingizi. Tangu 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani imeonya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko ushahidi mwingine wowote, na usitegemewe mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Shahidi alimtazama kwa muda gani? Umbali gani? Mwanga ulitoka wapi, na ulikuwa mkali kiasi gani? Alimfahamu kabla? Watu wengi waliohukumiwa kunyongwa huku kwetu wameachiwa huru na Mahakama ya Rufani kwa sababu majibu ya maswali hayo hayakutosha. Marekani, wenye maabara na wapelelezi kutushinda, watu 200 hivi waliohukumiwa kifo wameondolewa hatia baadaye tangu 1973. Wote hao walipona kwa kuwa utekelezaji ulichelewa.

Sasa swali lako la mwisho, ambalo ndilo zito.

Mimi napinga adhabu ya kifo, na nakwambia hivyo wewe uliyefiwa, si nyuma ya mgongo wako. Hasira yako ni haki yako. Lakini umeniuliza kama kunyonga kungezuia mauaji. Mwaka 2012 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia utafiti wa zaidi ya miongo mitatu, likahitimisha kwamba hauwezi kutumika kusema adhabu ya kifo inapunguza mauaji, wala inayaongeza, wala haibadilishi kitu. Canada iliifuta 1976, na kiwango cha mauaji hakikupanda kama wengi walivyohofia. Miaka iliyofuata kilishuka.

Tuje nyumbani. Septemba 2009, mahakama iliyokaa Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Nchi nzima ilisikia. Desemba 2014 mtoto mwingine aliibwa Kwimba, na miezi miwili baadaye mwingine akauawa mkoani Geita. Najua utasema: hawakunyongwa, ndiyo maana. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini jiulize anayechukua panga anahesabu nini. Mwuaji wa kukodiwa anayetumwa kwa bibi kizee anayeitwa mchawi kwa macho yake mekundu ya moshi wa kuni, baada ya mganga kupiga ramli chonganishi, hahesabu kifungu cha 197. Anahesabu nani atamwona, nani atathubutu kusema, polisi watafika saa ngapi na kama watamfikia mganga na ndugu aliyelipa. Mara nyingi hesabu yake inatoka sawa. Aliyetumwa anakamatwa, aliyemtuma anahudhuria mazishi.

Kitanzi chenyewe huziba midomo. Katika mauaji ya kifamilia, shahidi mkuu ni shemeji, mpwa, mke mdogo. Nimeona mashahidi wakikana kizimbani maelezo waliyotoa polisi, kwa kuwa ukoo ulikaa ukasema, "Tumeshazika mmoja, tusizike wa pili." Kesi inakufa, na mwuaji anarudi kijijini. Shilingi ya serikali ningeipeleka kwa wapelelezi wenye gari na mafuta, vipimo vya vinasaba vinavyorudi kwa wakati, na ulinzi wa mashahidi.

Kuhusu uhalali, mahakama zetu zenyewe zimesumbuka. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya, katika shauri la Mbushuu, alitamka kwamba adhabu hii inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ni ya kikatili na inatweza utu, lakini ikasema Ibara ya 30(2) inairuhusu kwa maslahi ya umma. Nimeusoma uamuzi huo mara nyingi, na bado siridhiki kwamba mahakama inaweza kukiita kitu ukatili kisha ikakiacha kisimame. Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, ilisema kumlazimisha jaji kutoa kifo kunakiuka haki ya kuishi, ikaipa Tanzania mwaka mmoja kuliondoa sharti hilo. Mwaka ulipita, na majaji wetu waliendelea kutamka adhabu ile ile.

Wenzetu tunaochota nao maji ya ziwa hili walishatoka hapo. Kenya, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima Desemba 2017. Uganda walifanya hivyo 2009 katika shauri la Susan Kigula, tena wakaweka ule muda unaouulizia: miaka mitatu ikipita tangu mahakama ya mwisho ithibitishe hukumu bila kutekelezwa, inageuka kifungo cha maisha. Hiyo ingekufaa hata wewe. Ungejua mtu huyo yuko wapi na atakaa huko mpaka lini, badala ya kuishi kwa tetesi za sokoni.

Kwa sasa, nenda masjala ya Mahakama ya Rufani hapa Mwanza ukiwa na namba ya kesi ya Mahakama Kuu. Kama huna, jina la mshtakiwa na mwaka wa hukumu vitasaidia kuitafuta. Uliza mambo mawili: kama taarifa ya rufaa iliwasilishwa, na kama rufaa imeamuliwa. Ikiwa imeamuliwa, uamuzi huenda umo TanzLII, ambako hukumu husomwa bure mtandaoni. Mwombe kijana yeyote mwenye simu akufungulie. Ukiupata na lugha ya Kiingereza ikakushinda, niletee, nitakusomea bila malipo.