Wati 300 kwa besi ya jukwaani, zinatosha?

Mdogo wangu, umeuliza kama kichwa cha amplifaya (amplifaya isiyo na spika ndani yake) cha wati 300 kitatosha kupigia besi kwenye kumbi za Moshi na harusi za huku Arusha. Kigeuze kwanza usome nyuma: hizo 300 ni kwa omu ngapi, yaani ukinzani wa spika? Vichwa vingi vya kisasa vinatoa nguvu yote kwenye omu 4 tu. Markbass Little Mark III, kwa mfano, ni wati 500 kwa omu 4, ila ukiifunga na spika moja ya omu 8 unabaki na 300. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba ndiyo unapata omu 4. Usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa, utakiunguza.

Mimi ningechukua 500. Si kwa ajili ya kelele, ni ili noti za chini zisikwaruze mpiga dramu akishapandwa na mzuka. Ukumbi ukiwa na mitambo ya maana, tafuta chenye tundu la DI (la kutolea sauti kwenda kwenye mitambo), fundi aichukue besi yako moja kwa moja hadi kwenye mikisa.

Vichwa vya valvu (taa za kioo badala ya transista) ni vitamu, sibishi, lakini Ampeg SVT ya zamani inazidi kilo 30. Utaipandisha kwenye Coaster wewe?

Na mtumba wa Marekani angalia volti. Kama ni 120 peke yake, ukichomeka kwenye umeme wetu wa 230 umekiaga.

Waya wa kwenda kwenye spika usitumie ule wa gitaa.