Hela ya TASAF sio matunzo ya baba

SWALI: Shikamoo anti. Mi naishi Newala vijijini, nina watoto wawili, wa miaka 9 na 6. Baba yao ni mkulima wa korosho, mwaka wa pili huu kaondoka kaoa Tandahimba, wala sio mbali, ila hatumi hata hela ya daftari. Nikimpigia ananiambia we si unapata TASAF, hayo ndo matunzo yenyewe, halafu eti watoto wa Kimakonde ni wa ukoo wa mama, wajomba zao wawatunze. Sasa juzi kanitisha kwamba nikienda ustawi wa jamii serikali itanidai nirudishe hela yote ya TASAF niliyokula, eti Marekani ndo wanavofanya. Naogopa anti, ntaitoa wapi? Mama wa wawili, Newala.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza lala usingizi, hakuna mtu anakuja kukudai. TASAF ni ruzuku sio mkopo, kaya inapewa kwa sababu imeonekana haina kitu ili watoto wale, waende shule na kliniki, na kwenda kwako ustawi kudai haki ya watoto hakuigeuzi ikawa deni.

Hiyo ya Marekani kaigeuza kichwa chini miguu juu. Kule mama akipokea ule msaada wa fedha wanaouita TANF inabidi haki yake ya kudai matunzo aikabidhi serikalini, na serikali inamfuata baba yenyewe, inamkata hata kwenye mshahara, na hela inayokatwa inaweza kubaki serikalini kufidia ile aliyopewa mama. Mfumo huo uko tangu sheria ya 1975. Yani anayerudisha kule ni baba. Akikutisha tena mwambie hivohivo.

Sasa tuje kwetu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 129, inasema ni wajibu wa mwanaume kutunza watoto wake, malazi, nguo, chakula na elimu kwa kadri ya uwezo wake, wakae kwake au kwa mtu mwingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inambana mzazi hata kama hakukuwa na ndoa. Mila ya ukoo wa mama naiheshimu, mi mwenyewe nimelelewa na mjomba na sijasahau wema wake, lakini mjomba anasaidia tu, hamwondolei baba mzigo wake. Na akikwambia kiwango ni shilingi 100 kwa mwezi, maana wazee wengi bado wanaitaja, hiyo ni ya sheria ya zamani iliyofutwa na hii ya 2009. Siku hizi mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, gharama za maisha pale mtoto anapoishi, na watoto wengine anaowatunza. Kwa hiyo wale wa Tandahimba watahesabiwa ila hawawafuti wa kwako.

Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto au kadi za kliniki, na risiti za shule kama unazo. Atamwita muongee, mkikubaliana hakikisha inaandikwa na wote mnasaini, maneno ya mdomo we mwenyewe umeshaona yalikokufikisha. Asipotokea au akikataa, shauri linaenda Mahakama ya Watoto.

Halafu najua atasema hana mshahara. Mwanangu, huyo ni mkulima wa korosho! Kilo zake zinapimwa chama cha msingi cha ushirika, zinaandikwa, na malipo ya mnada yanapita benki kwenye akaunti yake, sasa kipato gani kinaonekana wazi kuliko hicho? Kitaje mbele ya afisa, na mbele ya mahakama ikibidi. Na kwa kuwa hela ya korosho inakuja kwa msimu, omba matunzo yapangwe hivo, kiasi kikubwa kwa mkupuo akishalipwa na kidogokidogo miezi mingine, mahakama inaweza kuamuru malipo ya aina zote mbili. Minada kwa kawaida inafunguliwa Oktoba, so usisubiri Desemba hela ishageuka bati na pikipiki kwa mke mwenzio, nenda ofisini wiki hii.