Mzigo Ukae Nyongani: Maswali ya Wasafiri wa Begi la Mgongoni

Kila minada ya korosho inapomalizika, maswali ya safari huniongezekea. Safari hii mengi yamehusu begi la mgongoni. Nimeyafupisha na kuyajibu moja moja. Nimewahi kutembea na begi miezi mingi, nikavuka Ruvuma kuingia Msumbiji na kurudi kwa njia ya Songea, na nikaumia kwa kutojua. Kwa hiyo pale panapouma nitakaa kidogo.

Nataka kuzunguka miezi minne: Songea, Mbeya, kisha Malawi na Zambia. Rafiki yangu ananiambia ninunue begi la lita 70 nisije nikakosa nafasi. Ni kweli? (Msomaji, Masasi)

Rafiki yako anakutakia mema, lakini usimfuate. Nafasi ikiwapo itajazwa, na chochote utakachojaza utakibeba wewe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana ni rahisi kwake kukushauri. Chukua lita 40, zikizidi sana 45. Muda wa safari hauongezi nguo: wa wiki mbili na wa miezi minne wote hufua, na sabuni inauzwa kila mji utakaopita. Nguo za siku tano au sita, sweta moja la maana (Juni na Julai Njombe na Mbeya si Masasi), kikoi, ndala, dawa, chaja na karatasi zako. Jumla haitakuwa mbali na kilo 8 au 10.

Begi la lita 70 likijaa hupita kilo 15 kirahisi, na ndani ya basi halina pa kukaa. Litaingia kwenye buti, chini ya magunia na ndoo za watu, na kila kituo utachungulia dirishani kuona nani anashusha nini. La lita 40 unalipakata. Siku ukipanda ndege, mashirika mengi hukubali uingie ndani na begi lenye urefu wa sentimita 55 hivi na uzito wa kilo 7 hadi 10. Vipimo hutofautiana, soma tiketi yako. Lita 60 zina kazi kwa anayelala kwenye hema na kujipikia porini.

Nina futi sita, nikanunua begi kubwa nikijua ndiyo saizi yangu. Nikitembea nusu saa mabega yanawaka, na juzi vidole vya mkono wa kushoto vilikufa ganzi. (Kaka, Mikindani)

Pole sana kaka. Tuanze na hiyo ganzi, maana si uchovu wa kawaida. Mishipa ya fahamu inayokwenda mkononi hupita kati ya shingo na bega, na mkanda uliobeba uzito wote huikandamiza. Usilivae begi hilo likiwa limejaa mpaka ganzi iishe kabisa. Ikiendelea, au mkono ukikosa nguvu, nenda hospitali bila kusubiri.

Kosa limeanzia dukani. Saizi ya begi haifuati urefu wa mtu, inafuata urefu wa mgongo, na wako watu warefu ambao urefu wao wote uko miguuni. Tafuta futi ya fundi cherehani na mtu wa kukupimia. Inamisha kichwa, upapase nyuma ya shingo: pale shingo inapokutana na mabega kuna kifupa kinachojitokeza kuliko vingine. Hapo ndipo mwanzo. Kisha shika kiuno, viganja vikae juu ya mifupa ya nyonga na vidole gumba vielekee nyuma. Mstari unaoviunganisha vidole gumba hivyo ndio mwisho. Apime kutoka hapo hadi hapo, futi ikilala kwenye mgongo na kuufuata ulivyopinda. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 40 na 53. Ukishajua namba yako, ilinganishe na kibandiko cha begi. Yapo pia mabegi ambayo mikanda yake ya mabegani hupandishwa na kushushwa, na hayo ndiyo yanayosamehe makosa.

La pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: mzigo hubebwa na nyonga. Mabega kazi yake ni kuushikilia usianguke nyuma. Mtazame mama aliyefunga mbeleko vizuri. Mtoto haning'inii shingoni mwake. Amekaa, makalio yameegemea juu ya nyonga za mama, na nguo imembana mgongoni asiyumbe. Mbeleko ikilegea na mtoto akashuka, mama huinama mbele, na shingo humuuma kabla hajafika sokoni. Begi nalo ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo vaa kwa utaratibu huu. Legeza mikanda yote. Ukishalivaa, funga mkanda wa kiunoni kwanza, katikati ya upana wake ikae juu ya ukingo wa mfupa wa nyonga, isiwe tumboni. Kaza mpaka uhisi begi limekaa hapo hata ukilegeza mikanda ya mabegani. Ndipo uvute hiyo ya mabegani iguse bega bila kulizamisha. Vile vikanda vidogo vinavyotoka juu ya bega kurudi kwenye begi vivute taratibu, vikae kwa mshazari, begi lisogee mgongoni. Wa kifuani uwe wa mwisho. Ukipitisha kidole chini ya mkanda wa bega kikapita bila kusukuma, umevaa.

Mimi nilitembea wiki nzima Msumbiji mkanda wa kiunoni ukining'inia, nikidhani kazi yake ni kuzuia begi lisicheze tu. Siku niliyoufunga nilihisi kana kwamba kuna mtu amekuja nyuma akalinyanyua.

Mimi ni mfupi. Mikanda inanikata karibu na kwapa na kunibana kifuani. Hayo mabegi ya wanawake yapo kweli au ni biashara? (Dada, Newala)

Yapo kweli, dada. Mgongo wa begi la namna hiyo ni mfupi, mikanda ya mabegani imekaribiana na imepinda ili ikwepe matiti, na mkanda wa kiunoni umeshonwa kwa mlalo unaofuata nyonga pana. Rangi ya waridi peke yake haitoshi kuliita la wanawake, angalia mikanda. Mwanamume mwenye mabega membamba naye anaweza kulivaa bila aibu yoyote.

Kwa begi ulilonalo, shusha au pandisha mkanda wa kifuani ukae vidole vitatu hivi chini ya mtulinga. Usiukaze mpaka pumzi ikawa fupi. Mikanda ikiendelea kukukata, liuze. Kukunja kanga na kuiweka chini ya mkanda, kama wengi wafanyavyo, hupunguza maumivu siku moja na kuyahamishia shingoni siku ya pili.

Mgongo unalowa jasho chapachapa. Ninunue lile lenye wavu nyuma? (Msomaji, Lindi mjini)

Kwa joto la kwetu wavu unasaidia, hewa inapita. Lakini angalia usiwe umetengwa mbali sana na begi, maana kila sentimita mzigo unaposogea nyuma ndivyo unavyokuvuta. Jasho litapungua, halitaisha.

Sina uwezo wa begi jipya. Mtumba nitaujuaje kama bado mzima? (Mwanafunzi, Lindi)

Mtumba mzuri ninaupenda kuliko jipya la bei rahisi, kwa sababu mabegi mengi ya mtumba yalishonwa kwa ajili ya milima na yana mikanda ya kiunoni ya kweli. Ila usinunue kwa macho.

Anza na pua. Lifungue, uingize uso ndani. Kitambaa cha begi huwa na ngozi nyembamba upande wa ndani inayozuia maji, na joto likikutana na unyevu huila. Pwani yetu ina vyote viwili. Ikianza kufa hutoa harufu kali ya uchachu, kisha hunata kama utomvu wa fenesi, mwishowe hubabuka na kudondoka magamba juu ya nguo zako. Pitisha kiganja ndani, hasa kwenye kona za chini. Likinata, liache hata kama nje linang'aa. Hakuna fundi wa kulirudisha.

Baada ya hapo bonyeza sponji ya mkanda wa kiunoni kwa kidole gumba. Inayorudi polepole ina uhai. Inayobaki na shimo imekufa, na nyonga zako zitakuwa zinabebea kitambaa kitupu. Vishikizo vya plastiki vifunge na kuvifungua mara kumi: jua huvikausha vikavunjika ghafla. Zipu ijaribu begi likiwa limejaa, maana zipu ya begi tupu hupita hata ikiwa mbovu. Muombe muuzaji alijaze nguo zake, hatakataa. Mwisho vuta kwa nguvu pale mkanda wa bega unaposhonewa. Uzi ukiwa umeachia, hilo si tatizo: fundi viatu mwenye uzi wa nailoni atapashona vizuri kuliko kiwandani.

Ninapenda kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani na visiwa vingine. Begi lina kifuniko cha mvua, kinatosha? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Kwa mvua ya barabarani kinatosha. Kwa boti hakitoshi, maana kinafunika juu na nyuma huku maji ya boti yakikaa chini, miguuni, pale pale unapoliweka begi. Tafuta mfuko usiopitisha maji wa kuweka ndani, ule wa kitambaa kizito kama turubai unaokunjwa mdomo mara tatu na kufungwa. Pasipoti, simu na nguo kavu zikae humo. Mifuko laini ya plastiki tuliyozoea zamani imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, usiiwekee hesabu.

Ukirudi, suuza zipu kwa maji baridi ya bomba jioni ile ile. Chumvi ikilala hukwamisha zipu. Zipu ikikauka, ipakaze kipande cha mshumaa.

Mwanangu, nina miaka 63 na mgongo si wa jana. Nataka kwenda kuwaona watoto, Dodoma, Mwanza hadi Bukoba. Begi la magurudumu si bora? (Mzee, Nachingwea)

Shikamoo baba. Kwa njia hiyo, ndiyo, magurudumu ni bora. Stendi za mijini zina sakafu na lami, na watoto watakupokea. Shida iko huku kwetu, kwenye mchanga kutoka barabarani hadi nyumbani, na hapo mpe kijana wa bodaboda. Kamuone daktari kabla ya kuondoka, umwambie wazi kuwa utakaa kwenye basi siku nzima. Begi dogo la mgongoni lenye maji, dawa na karatasi, kilo tatu basi, litakutosha.

Vitu vizito niviweke chini ili begi lisipinduke, au juu? Na begi nimeagiza Dar, nitalijaribuje? (Dada, Mtwara mjini)

Chini hapana, dada, na juu kabisa hapana. Viweke katikati, vigusane na mgongo wako. Nguo laini zikae chini na upande wa nje.

Sababu yake wazee wetu waliijua. Kati ya 1909 na 1913 wapagazi walibeba mifupa ya dinosaria kutoka kilima cha Tendaguru hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mzigo wa kichwani, juu ya ngata, hushuka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo hadi nyonga, na mtu hutembea wima. Begi liko nyuma ya mstari huo, linakuvuta kila hatua. Kadiri kizito kinavyokaribia uti wa mgongo, ndivyo unavyokaribia kutembea kama wao.

Kuhusu kulijaribu: likifika, usikate vibandiko. Weka ndani mchele kilo tano na unga kilo tatu, uvizungushie mashuka mpaka lijae. Vaa kwa utaratibu niliomweleza kaka wa Mikindani, kisha fanya kazi za nyumbani saa nzima: panda ngazi kama zipo, inama uchukue ndoo, fagia uwanja. Baada ya saa hiyo jitazame mabegani kwenye kioo. Kama kuna mistari myekundu hata baada ya kurekebisha mikanda, mrudishie muuzaji siku hiyo hiyo, kabla mchele haujarudi jikoni.