Kaunta buku kwanza, programu baadaye

Ndugu Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: mtu anayeanza kazi ya kujitegemea kwa mtaji mdogo, anunue chombo gani cha kidijitali kwanza? Mimi namwambia anunue kaunta buku na kalamu, kisha asubiri wiki sita.

Nachapa, natafsiri na kupanga kurasa hapa Ngamiani, Tanga, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama. Wateja wangu huniletea katiba za vikundi, vyeti vya kutafsiri, vijitabu vya madrasa na kadi za harusi. Ajira zikitangazwa, barua za maombi huniweka macho mpaka usiku wa manane. Nilianza na kompyuta mpakato ya mtumba, printa moja, na bando la kuunganisha kutoka kwenye simu.

Nilianza pia na orodha ya programu niliyoipata kwenye video za watu wanaofundisha biashara: ya kupanga kazi, ya kutoa ankara, ya kuhesabu saa, ya kutunza majina ya wateja. Kila moja ilitaka dola tano au sita kwa mwezi. Ukiitazama peke yake ni hela ndogo, lakini zikiwa nne ni zaidi ya dola ishirini zinazotoka kila mwezi, mteja aje asije, na dola yenyewe haikai bei moja. Mojawapo nilijiunga kwa majaribio ya siku 30, nikasahau kujitoa. Siku ya 31 ikakomba kwenye kadi pesa niliyoitenga kwa ajili ya wino. Programu ilikuwa nzuri, sina neno nayo. Lakini wateja nilikuwa nao wanne.

Dada yangu ana meza ya mboga soko la Mgandini. Nilipomweleza, akaniambia, "Mdogo wangu, unanunua kabati na nguo huna." Kesho yake akaniletea kaunta buku kama lile analoandikia madeni yake. Nikapiga mistari: tarehe, jina, kazi, bei, alicholipa, kilichobaki, siku ya kuchukua. Pembeni nikaongeza safu ya nane, nikaiita "kilichonisumbua". Safu hiyo ndiyo imenichagulia vyombo vyote nilivyo navyo leo.

Wiki sita baadaye nikakaa nikaihesabu. "Picha ya cheti haisomeki" ilikuwa mara tisa. "Nimesahau kudai salio", mara saba. "Umeme umekatika sijahifadhi", mara nne. Kuhesabu saa, ile niliyoilipia programu, hakukuwamo hata mara moja, kwa sababu watu wangu hulipa kwa ukurasa au kwa kazi nzima. Hapo nikajiwekea kanuni: jambo lisilofika mara tano sililipii. Umeme tu niliupa ruhusa, maana kukatika mara moja kunaweza kula kazi ya siku nzima.

Kwa hiyo pesa yangu ya kwanza ilikwenda kwenye betri. Ile ya mtumba ilikuwa imekufa, umeme ukienda na kazi inakwenda. Nikanunua nyingine, halafu nikaingia kwenye mipangilio ya LibreOffice, programu yangu ya kuchapia, ambayo ikija huwa inajihifadhia nakala ya dharura kila dakika 10, nikaishusha hadi dakika 2. Hilo la pili halikunigharimu hata senti.

Kwenye vyeti dawa ilikuwa WhatsApp Business, ambayo ipo tangu 2018 na ni ya bure kwa wafanyabiashara wadogo. Wengi huiweka kisha wakaitumia kama ile ya kawaida. Fungua sehemu ya majibu ya haraka, andika mara moja yale unayoyarudia kila siku. Ujumbe wangu unasema hivi: "Asante sana. Tafadhali laza cheti mezani penye mwanga, piga picha kwa juu, kisha nitumie kama dokumenti, si kama picha." Maneno hayo ya mwisho yana kazi kubwa. Picha ikitumwa kama picha, WhatsApp huibana ili isile bando, na mihuri na tarehe ndogo hupotea. Ikitumwa kama dokumenti hufika kama ilivyopigwa. Baada ya hapo kila mteja nampa lebo yake: Mpya, Anadaiwa, Tayari. Asubuhi nikibonyeza Anadaiwa, nawaona wote.

Salio lenyewe nalitunza kwenye jedwali la Google Sheets, safu zilezile za kaunta buku, na safu ya kilichobaki inajihesabu yenyewe. Akaunti ya bure ina GB 15, ila barua pepe, mafaili na picha za simu vyote vinagawana hapohapo, kwa hiyo usiruhusu video za harusi zikujazie. Malipo hupitia Lipa Namba, namba ya biashara ya kupokelea pesa kwa simu, kando na namba yangu binafsi. Kabla ya hapo pesa ya kazi na pesa ya sukari zilikuwa zimelala kitanda kimoja, nisijue nimepata au nimekula.

Sasa niseme jambo linaloniuma kila nikimwona kijana anaanza nalo. Nilipoanza, fundi mmoja aliniwekea programu za kuchapia za wizi kwa bei ya kutupa. Hazikumaliza miezi miwili. Kirusi kiliingia, kikapita mpaka kwenye flashi, na kijitabu cha madrasa cha kurasa 84, chenye Kiarabu na Kiswahili sambamba, kikageuka mafaili yasiyofunguka. Nilikichapa upya chote, usiku kumi na moja, bila kumdai ustadhi hata shilingi, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Tangu hapo natumia LibreOffice. Ni ya bure kihalali, na inakuja na kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, kitu ambacho kwa mchapaji ni mali. Babu yake, OpenOffice, aliwahi kutolewa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, kazi iliyohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ina kasoro: jedwali ulilolinyoosha kwako, mteja akilifungua kwenye Word mistari inaweza kuhama. Kwa hiyo kazi iliyokamilika naituma kwa PDF, na nikiombwa ya kuhariri naomba tuikague pamoja. Kadi za harusi nafanya kwa Canva ya bure, nikiyapita mapambo yenye alama ya taji, maana hayo ni ya kulipia.

Bure nyingine lakini ni ghali. Kuna tovuti za kugeuza PDF: unapandisha faili, dakika moja limekuwa maandishi. Kwa tangazo la semina, sawa. Kwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mtu au kitambulisho chake, mimi sithubutu, kwa sababu sijui nakala inabaki wapi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo, mama aliyeniletea cheti kwenye bahasha ya kaki ameniamini mimi, hakuiamini tovuti. PDF hizo nazifungua na LibreOffice Draw kwenye kompyuta yangu, hata bando likiwa limekwisha.

Chombo kipya nikikisikia, kabla ya kuingia naangalia mlango wa kutokea. Naweza kutoa majina ya wateja na hesabu zangu zote kama faili la kawaida na kuondoka nalo? Kama siwezi, hakinifai, hata wakinipa mwaka mzima bure.

Kitu cha pili nilichokinunua ni diski ya nje, kwa malipo ya katiba mbili. Kila Ijumaa kabla ya swala naiunganisha, nanakili kazi za wiki, kisha naipeleka kwa dada. Inakaa kwenye kabati lake, imefungwa ndani ya kanga.

Kaunta buku nalo liko la tatu sasa, na safu ya nane bado naijaza. Mwezi huu ina jambo jipya: wateja wa Muheza na Pangani wanataka kusaini rasimu bila kupanda gari kuja mjini. Limefika mara tatu.